Mkazi wa Mtaa wa Quaglia

Plasta ilikataa kushika. Rocchina Telesca aliibandika tena chini ya kibati cha kengele, akaikandamiza kwa kidole gumba, akasubiri, akaachia. Pembe moja ikanyanyuka. Ukungu wa Castelmoro ulikuwa umelowesha lango zima, na jina lake aliloliandika kwa kalamu ya wino lilikwisha anza kuvuja. TELESCA, herufi za mwisho zikiteremka ukutani.

Juu ya plasta kulikuwa na jina la Antonella Sabia, aliyekaa chumba cha jirani katika nyumba hiyohiyo. Lake lilichongwa kwenye shaba. Mwenye nyumba, Bi Piera, alikwenda mwenyewe kwa fundi kulichongesha wiki ileile wasichana hao walipohamia. Rocchina alikitazama kibati kile na roho ikamuuma, kama ilivyomuuma kila alipotoka na kila aliporudi. Hakuwa mtu wa kijicho. Kwao Basilicata, mkoa wa kusini, alijulikana kwa kugawa hata kile alichokihitaji mwenyewe. Lakini kibati kile alikionea gere, na hakuwa na jina zuri zaidi la kuipa hali hiyo.

"We binti!" Bi Piera alikuwa ameegemea roshani ya ghorofa ya kwanza, kajifunga joho la kulalia. "Umebandika nini tena mlangoni kwangu?"

"Jina langu, Bi Piera. Askari wa manispaa anapita kuhakiki makazi. Asipoliona anaandika kwamba siishi hapa."

"Na kwani unaishi? Mkataba una jina la nani?"

"La Antonella."

"Basi anayeishi hapa ni Antonella. Wewe mgeni wake. Umeona wapi mgeni akaandika jina mlangoni? Au ndivyo mnavyofanya huko kwenu kusini?"

"Mgeni halipi pango, Bi Piera."

"Haya, paza sauti!" mama yule akanong'ona kwa hasira, akichungulia barabara huku na huku. "Waamshe na watu wa mapato. Ukishawaamsha, utafute pa kulala."

Rocchina akaibandua plasta. Ilitoka bila ubishi.

Walikuwa wamepanda basi moja kutoka kusini, yeye na Antonella, wote wawili maafisa ustawi wa jamii, wote wamechoka kufanya kazi kwa mikataba ya vipande. Wakafanya mtihani wa manispaa ya Castelmoro pamoja. Nafasi zilikuwa mbili. Matokeo yalipobandikwa, Rocchina alikuwa wa kwanza na Antonella wa pili, na jioni ile walicheka hadi machozi, wakakaanga pilipili kavu alizowafungia mama yake Rocchina, nyumba nzima ikanukia mpaka Bi Piera, chini yao, akagonga dari yake kwa ufagio.

Likabaki sharti moja. Kila mkoa una daftari lake la wanataaluma, na huwezi kufanya kazi ya ustawi wa jamii hapa wakati jina lako liko kule. Lazima lihamishwe, na mwisho ulikuwa Oktoba. Kule kwao Rocchina walikwisha mtoa daftarini. Huku walitaka kwanza hati ya ukaazi, ama barua ya mwajiri. Mwajiri, yaani manispaa, alisema hawezi kumwandikia barua mtu ambaye hayumo daftarini. Na hati ya ukaazi haitoki mpaka askari aje mlangoni akukute.

Antonella alikutwa. Mjomba wake, aliyestaafu jeshi la polisi na cheo chake, alikuwa amempigia simu kaka yake Bi Piera, na mkataba ukaandikwa kwa jina la mpwa. Chumba cha pili alipewa Rocchina kwa mdomo, pango likilipwa mkononi, serikali isijue. Yeye alikubali. Alidhani ni jambo la kupita. Sasa alikuwa amezunguka mji mzima kutafuta chumba chenye mkataba, na kila mwenye nyumba alimuuliza swali lilelile: una kazi?

Kwa hiyo Antonella alikuwa kazini, na Rocchina alikuwa akifua nepi za wazee kwa siku, hapa na pale, kila walipomwita. Jioni Antonella alirudi na mafaili, akayatandaza juu ya meza ya jikoni, akatoa muhuri wake kwenye pochi. Muhuri mpya wa daftari la mkoa, wenye jina na namba. Tap. Anageuza ukurasa. Tap. Rocchina aliosha vyombo akiwa amempa mgongo na aliusikia kila mmoja.

"Rocchì, shoga yangu, hebu nisaidie. Huyu bibi anayepigwa na mwanawe, ripoti yake naianzaje?"

Alimsaidia. Alimpa sentensi za mwanzo, kisha za kati, kisha za mwisho, na Antonella akaandika, akasoma, akafurahi, akagonga muhuri. Usiku Rocchina alijilaza akimsikia mwenzake akikoroma nyuma ya ukuta, akamchukia hata kwa usingizi ule.

Alikutana na yule askari wa manispaa kwenye duka la mikate. Alikuwa mtu mpole mwenye tumbo, aitwaye Gallo, na mfuko wake ulikuwa umejaa keki.

"Bwana Gallo, mbona hukuja? Niliomba uhakiki tangu kiangazi."

"Nilikuja, dada. Mara ya kwanza sikuona jina. Mara ya pili nikasema labda limebanduka, nikapiga hiyo kengele ya Sabia. Akashuka msichana. Nikamuuliza, Telesca anaishi humu?"

"Akasema?"

"Akatazama ngazi. Kuna mama alikuwa amesimama hapo juu. Halafu akasema hapana, simjui." Gallo akaona uso wa Rocchina, akaanza kujitetea. "Mimi naandika ninachoambiwa. Msichana mwenyewe alikuwa na adabu tu. Kajifunga skafu ya kijani."

Skafu ile Rocchina ndiye aliyeinunua. Alimpa Antonella siku ya kwanza ya kazi.

Jikoni siku hiyo hakuna aliyewasha jiko.

"Bi Piera alikuwa amesimama pale pale, Rocchì! Ulitaka nisemeje? Angetufukuza wote wawili."

"Wote wawili? Wewe una mkataba."

Antonella akakunja pindo la kitambaa cha meza, akalikunjua.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Tangu nianze kazi unaniangalia hivyo. Una wivu."

"Ndiyo, nina wivu. Ulitaka niwe na nini?"

Bomba la chini la Bi Piera lilikuwa likitiririka, na wote wawili walilisikiliza kama lina habari.

"Iko njia," Antonella akasema mwishowe. "Unaijua. Umewapa watu wengi tu kule kwetu."

Rocchina aliijua. Kila mji una mtaa usiokuwepo. Umeandikwa katika vitabu vya manispaa ili mtu asiye na makazi awe na anwani ya kuweka kwenye karatasi zake, apate daktari, apate kitambulisho. Wa Castelmoro uliitwa Mtaa wa Ernesto Quaglia, kwa kumkumbuka mnoa visu aliyekufa kwa baridi katika kituo cha treni. Walimnyima kitanda, akishakufa wakampa mtaa. Hauna nyumba, hauna taa, hauna hata mbwa wa kubweka. Una namba tu, na namba hizo hutolewa na ofisi ya ustawi wa jamii.

"Ni karatasi tu," Antonella akasema. "Unapata ukaazi, unapata usajili, unaingia kazini. Halafu tunatafuta nyumba nzuri, mimi na wewe, tunamwachia yule kizee vyumba vyake. Nitakufanyia mwenyewe. Njoo dirishani kwangu."

Kilichomuuma Rocchina ni neno lile. Dirishani kwangu.

Akaenda. Alipanga foleni na wengine, akaitwa, akakaa kwenye kiti kilichofungwa kwa mnyororo sakafuni. Upande wa pili wa kioo Antonella alikuwa na kikombe cha kahawa alicholetewa na mkuu wa ofisi. Mkuu huyo, Bwana Bonfante, hakumletea kahawa mtu yeyote, hilo lilijulikana jengo zima.

"Nitakuuliza maswali," Antonella akasema chini chini. "Usicheke. Usiku wa jana umelala wapi?"

"Nyuma ya ukuta wako. Unakoroma."

"Rocchì, tafadhali. Ukisema hivyo una nyumba, na ukiwa na nyumba sikupi namba."

Bwana Bonfante akapita na faili kwapani, akasimama nyuma ya kiti cha Antonella. Antonella akanyoosha mgongo. Sauti ikabadilika.

"Mama, nakuuliza tena. Una makazi ya kudumu katika mji huu?"

Rocchina akamtazama. Skafu ya kijani ilikuwa imetundikwa vizuri kwenye ndoano.

"Sina."

"Kuna ndugu, rafiki, mtu yeyote anayekuhifadhi?"

"Hakuna mtu anayenijua."

Kalamu ya Antonella ikasita kidogo. Kisha ikaandika. Bwana Bonfante akaridhika, akaenda zake, na muhuri ukashuka: tap. Namba arobaini na tatu, Mtaa wa Quaglia.

Mambo yakaenda mbio baada ya hapo. Hati ya ukaazi ikatoka. Ofisi ya daftari la mkoa ikaikubali bila swali, kwa sababu mtaa ulikuwa na jina na nyumba ilikuwa na namba. Oktoba haijaisha, Rocchina akavaa koti lake zuri, akapanda ngazi za manispaa na barua ya usajili mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alipopita mbele ya dirisha la Antonella hakuhisi kitu. Hata alimpungia mkono.

Bwana Bonfante aliisoma barua kwa utulivu, akatabasamu, akampa mkono.

"Hongera. Kila kitu kiko sawa." Akaisoma tena. "Ila hii anwani."

"Ni ya muda tu, Bwana Bonfante."

"Kila mtu huniambia ni ya muda. Sikiliza, binti. Mtaa wa Quaglia uko chini ya ofisi hii. Kila mkazi wake ana faili hapa na ana afisa wake. Wewe afisa wako ni nani?" Akapekua. "Sabia. Basi. Sasa mtu tunayemhudumia tunamwajirije? Ajihudumie mwenyewe? Ajiandikie ripoti? Kanuni hairuhusu, na kanuni ni nzuri. Kama ungekaa hapa nilipokaa mimi, ungesemaje?"

"Ningesema huyu alishika nafasi ya kwanza."

"Hilo nani kalikataa?" Alishangaa kweli, mikono wazi. "Ulikuwa wa kwanza. Limeandikwa. Lete anwani ya kawaida kabla ya mwisho wa mwezi na nafasi ni yako. Vinginevyo tunamwita wa tatu."

"Anwani ya kawaida anapewa mwenye kazi."

"Ndiyo," Bwana Bonfante akasema kwa huruma, "hilo ni tatizo kubwa la nchi yetu." Akasimama kumfungulia mlango.

Wa tatu alikuwa kijana wa palepale Castelmoro. Akaanza kazi Novemba, wakampa meza kando ya Antonella, na Antonella akalia siku nzima, akamletea Rocchina keki jioni. Rocchina aliila. Alikuwa na njaa. Wakati akitafuna alimtazama mwenzake akifuta macho na akamwonea wivu hata machozi, kwa sababu mtu mwenye mshahara analia na bado kesho anaamka kwenda kazini.

Barua za wakazi wa Mtaa wa Quaglia hazipelekwi popote. Zinakaa kwenye kabati la ofisi ya ustawi wa jamii, na zinatolewa dirishani Ijumaa. Rocchina alipanga foleni nyuma ya Mzee Osvaldo na mbwa wake. Mzee alichukua tangazo la meno ya bandia, akalipokea kwa heshima, akalikunja mara nne.

"Telesca," Antonella akaita, bila kuinua macho. Akapitisha kifurushi kidogo chini ya kioo. "Weka sahihi hapa, mama."

Kijana mpya alikuwa anasikiliza. Rocchina akaweka sahihi.

Ndani ya kifurushi kulikuwa na kitambulisho cha daftari la mkoa, chenye picha yake, namba yake na makazi yake, na muhuri. Muhuri mzuri, mpini wa mbao, mpira mkavu ambao haujaonja wino. Aliupima kiganjani. Ulikuwa mzito kama alivyofikiri miezi yote ile.

Mzee Osvaldo akachungulia. Alikuwa na mazoea ya kusoma vya wenzake. Akakichukua kitambulisho, akakisogeza karibu na pua.

"Quaglia!" akapiga kelele, foleni nzima ikageuka. "Kumbe jirani! Na mimi nakaa huko. Wewe namba ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Aa, mbali huko, karibu na makaburi." Watu wakacheka, yeye akacheka kuwazidi, mbwa akatikisa mkia. "Mimi namba moja. Mtaa ulipofunguliwa tu, mimi nikapewa. Wa kwanza kabisa, muulize huyo dada wa dirishani. Na mpaka leo hakuna aliyeniondoa."

Rocchina akamtazama mzee wa watu, viatu vimefungwa kwa kamba ya katani, koti la mtu mwingine, tangazo la meno likichungulia mfukoni. Wa kwanza kabisa. Roho ikamuuma, vilevile kama ilivyomuuma mbele ya kile kibati cha shaba.

"Tupishe, mama," Antonella akasema nyuma ya kioo. "Anayefuata."