Msimu wa Kumi na Saba wa Mlingoti

Kila Jumamosi saa tisa na nusu alasiri, fundi cherehani aliifunika mashine yake kwa kitambaa, akanyoosha mguu wa kushoto juu ya mto, akawasha redio na kumsubiri mumewe aruke. Mechi ilianza saa kumi. Kuruka kwenyewe hakukuwa na neno. Shida ilikuwa kutua.

Goti la mumewe fundi alilipokea katika msimu wa kumi na moja. Lilibaki mguuni kwa mumewe, lakini maumivu yake yalihamia kwa mkewe katika mechi ya kwanza baada ya fomu kusainiwa klabuni, na tangu hapo cherehani akaiendesha kwa mkono badala ya mguu. Maumivu ya mgongo alikuwa nayo mama mkwe, chumba cha nyuma, ambaye siku za mechi alilala kifudifudi akimlaumu kocha kwamba hampumzishi mwanawe. Ya bega alibeba shemeji, dereva wa lori, mpaka akaacha udereva.

Utaratibu haukuwa na makuu. Daktari wa timu alitoa fomu, mchezaji akaandika kiungo kinachomuuma na jina la ndugu wa damu au wa ndoa, akasaini. Daktari alikata kipande cha chini, chenye jina na sahihi, akakibana kwenye faili. Karatasi iliyobaki mchezaji aliondoka nayo, akitaka afungie karanga. Mtu mmoja, kiungo kimoja. Wachezaji wasio na ndugu hawakuvuka misimu minne. Mmoja wao siku hizi anafungua geti la uwanja, na anachechemea.

Mumewe, ambaye mashabiki walimwita Mlingoti, alikuwa na miaka thelathini na sita, na msimu wa kumi na saba ulikuwa unaanza. Tusimwonee: alilala saa tatu, soda hakuigusa, na kila asubuhi alijinyoosha viungo sakafuni mpaka mkewe akawa anamruka kwenda jikoni. Watangazaji wakimuuliza siri ya kudumu kwenye mpira wa kikapu, alisema usingizi, maji na nidhamu. Hakudanganya hata kimoja. Aliishia tu hapo.

Kifundo cha mguu wa kulia ndicho kilicholeta balaa. Jumatatu alirudi kutoka mazoezini amekunja uso, akaweka karatasi mezani kando ya mkasi.

"Mama Pini, daktari anasema hiki kifundo hakinifikishi hata robo ya pili."

"Niandike mimi."

"Wewe una goti tayari."

"Niongezee. Nimeshazoea."

"Haikubali. Walijaribu kwa mke wa mwenzangu, cha pili kikamwagikia kwa mtoto wa jirani. Ikawa kesi."

Fundi akaitazama fomu. Nyumba nzima alibaki mtu mmoja tu asiyebeba kitu cha Mlingoti, na mtu huyo alikuwa barazani anaruka kamba, anahesabu kwa sauti, amefika themanini na tatu. Alikuwa na miaka minane. Walimwita Pini kwa sababu alizaliwa mdogo na alikuwa na maneno ya kuchoma.

"Baba Pini, usinifanyie hivyo. Mtoto, jamani!"

"Msimu mmoja tu. Nikiacha sasa, mimi ni nani? Nikafungue geti?"

"Kafungue! Geti lina ubaya gani?"

Mlingoti akainama, mita mbili na kitu za mtu zimejikunja kwenye kiti cha wateja. Alikuwa anaogopa, na mkewe aliona kwamba anaogopa, na hilo likamtia hofu yeye kuliko fomu yenyewe. Kesho yake jioni akarudi, akasema, "Yaishe. Nimeichana." Akaonyesha kapu la taka kwa kidole.

Siku nne nyumba ikapumua. Pini akafika mia moja na arobaini bila kukanyaga kamba.

Jumamosi, alipokuwa anasafisha meza ili aifunike mashine, fundi akaviona vile vipande kapuni. Mtu aliyeshona miaka ishirini haoni vipande akaviacha hivihivi. Akavipanga mezani. Kichwa cha fomu kikakaa, pembe zikakaa, mstari wa kiungo ukakutana na mstari wa tarehe. Kipande cha chini hakikuwepo. Akalipindua kapu. Akapiga magoti, hata lile bovu, akapapasa chini ya mashine, chini ya kabati, ndani ya mfuko wa vitambaa. Vidole vilikuwa vimepoa kama vya mtu aliyetoka kufua.

"Unatafuta nini huko?" mama mkwe aliuliza kutoka chumba cha nyuma.

"Karatasi, mama."

"Ya klabu?"

"Ya klabu."

"Na mimi aliniambia msimu mmoja," mama mkwe akasema.

Redio ikatangaza kwamba mechi imeanza. Fundi akajikokota hadi mlangoni, ukuta ukimsaidia.

"Pini, njoo ukae."

"Nimalizie mia, mama."

"Kaa, nakwambia!"

"Zimebaki chache!"

Mtangazaji akapiga kelele: Mlingoti amepaa, ameunyaka mpira juu ya vichwa vya watu. Goti likamchoma fundi mpaka akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Hakulijali. Macho yalikuwa kwenye miguu ya mwanawe. Tisini na moja. Tisini na mbili. Kamba ilizunguka, miguu ikainuka. Tisini na tatu. Labda kipande kilipeperuka tu, labda alikitupa njiani, Mungu mkubwa. Mtangazaji akasema Mlingoti amepaa tena.

Pini aliishia tisini na saba. Hakulia. Aliketi chini, akashika kifundo cha mguu wa kulia kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "baba ametua."

Fundi akambeba hadi kitini. Akatenga maji ya moto kwenye beseni, la tatu siku hiyo baada ya lake na la mama mkwe, akautoa mto wake mwenyewe akamwekea. Redio ilikuwa inasema huyu bwana anacheza kama kijana wa miaka ishirini. Pini akaunyoosha mguu juu ya mto kama alivyowaona wakubwa wakifanya, akauliza zimebaki robo ngapi.

"Tatu," mama yake akasema.