Cheti cha Mlinda Lango

Jumanne jioni Barwako, mhudumu wa wazee majumbani, alikuwa akimkata Mwalimu Kamla kucha, sebuleni kwa mwalimu, Kings Heath huko ughaibuni, ngoma ilipoanza kulia nje. Mwalimu Kamla alifundisha historia Nakuru miaka thelathini, na tangu miguu imkatae alikuwa akijenga Chang'an kwa maboksi ya dawa zake: mji mkuu wa wafalme wa China wa kale, mitaa mia na nane, kila mtaa na ukuta wake. Huko ngoma ya jioni ikilia, malango hufungwa mpaka alfajiri. Siku hiyo alikuwa amebandika lango la mwisho.

Barwako alipotoka, ukuta wa udongo ulikuwa umekata High Street, na mabasi yanageuzia hapo. Watu walinung'unika kidogo, kama wafanyavyo barabara ikichimbwa.

Mlinda lango, mzee mwenye joho la kijani, alimuuliza shida yake. Kiswahili chake kilikuwa cha Nakuru. Angekitoa wapi kingine? Barwako akamweleza kwamba mamake amelazwa Garissa, na kila akipigiwa simu anauliza jambo moja tu, umefika wapi. Kampuni imemnyima likizo, na akiondoka bila ruhusa, viza ya kazi ndiyo basi tena.

"Ugonjwa, msiba na harusi, mtu hupita," mzee akasema. "Sheria ni hiyo tangu zamani."

Akachovya brashi, akaandika cheti, akagonga muhuri mwekundu.

Asubuhi Barwako alikipeleka ofisini, Longbridge. Meneja wake, Oliver, alikigeuza pande zote mbili, akausifu muhuri, akasema kwa bahati mbaya si wa kampuni, na wahudumu hawatoshi. Akampangia zamu za wiki mbili. Barwako alitaka kumtupia kalamu usoni. Akasaini.

Ijumaa mchana simu ililia. Mama alikuwa amekwisha kuzikwa.

Jioni, ngoma ilipolia, Barwako alitoka mpaka langoni na fulana yake ya kazi. Mzee alimtazama, akachovya brashi tena. Akaandika cheti cha pili, cha msiba, kisha akafungua lango lote.

"Pita, binti yangu."

Barwako alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakikunja pamoja na kile cha kwanza. Kisha akarudi ndani. Mwalimu Kamla alikuwa hajala, na zamu ilikuwa mpaka saa tatu.