Jina la Baba Mkwe

Glasi ya maji aliyowekewa Pélagie ilikuwa bado imejaa. Chumba kilikuwa na joto la kukausha koo, na dirishani theluji ya Februari ilikuwa imeshageuka matope. Birgitta, ofisa wa uhamiaji, alikuwa amewasha kinasa sauti na kukisogeza katikati ya meza. Pembeni alikaa mkalimani, Mwatumu, mwanamke wa Mombasa.

"Mama, yuauliza kijiji chenu chaitwaje," Mwatumu akasema. "Waulizwa mara ya pili sasa."

Pélagie akaangalia mikono yake.

Kesi nzima ilikuwa imekwama hapo. Mwaka jana, 2008, alipoulizwa swali hilohilo, alijibu "Mashamba ya Juu". Wakapekua ramani ya Kongo, Mashamba ya Juu hawakuyaona, wakamnyima kibali. Sasa amepewa nafasi moja ya mwisho kujieleza. Akiwatajia jina lenyewe, huenda wakakubali kwamba kweli ametoka milima ya juu ya Uvira, ambako vita vilifagia watu wote. Asipolitaja, atapandishwa ndege.

Na jina alilijua vizuri mno. Lilikuwa jina la baba mkwe wake.

Mzee huyo ndiye aliyepanda kule na mkewe na ndugu zake, wakati mlima wote ulikuwa msitu. Walikata miti, wakapanda viazi na maharage, wakaleta ng'ombe. Wengine wakawafuata, na wachuuzi waliokuja kununua viazi wakapaita mahali pale kwa jina lake. Kanisa likajengwa, shule ikajengwa, vyote kwa jina hilo. Kisha wakaja wenye bunduki, na leo msitu umerudi juu ya matuta ya viazi kana kwamba hakukuwa na mtu.

Sasa, kwao mke hatamki jina la baba mkwe. Hatamki, basi. Tangu alipoolewa Pélagie alisema "nyumbani", "huku juu", "mashambani", na maisha yakaenda. Akibanwa, kwa mfano akiulizwa kwenye zahanati ametoka wapi, alimgusa bega aliyesimama karibu naye, na huyo akalitaja kwa niaba yake. Hata mtoto mdogo alijua kazi hiyo, wala hakuna aliyetaka maelezo. Lakini hapa Stockholm umguse nani?

"Kuna dada huko inje, Hortense," akasema. "Tunasali naye kanisani, kule Flemingsberg. Kwao ni mlima wa jirani. Mumwite, ataitaja yeye."

Mwatumu akatafsiri. Birgitta akatikisa kichwa, na akatabasamu pia, maana hakuwa mtu mbaya.

"Yuasema jibu ni lako wewe. Huyo si mwenye kesi."

"Mimi ni mkwe. Jina ile siwezi kuitaja."

Mwatumu alihangaika kidogo kutafuta Kiswidi cha maneno hayo. Birgitta akasikiliza hadi mwisho, akaandika, akauliza kama baba mkwe bado yuko hai.

"Walimuua shambani."

"Yuasema, basi hawezi kukusikia."

Hasira ilimpanda Pélagie hadi masikio yakavuma. Hawezi kusikia, ndiyo. Alimwacha yule mzee amelala kifudifudi kati ya matuta, akakimbia, hakuna aliyemfunika hata kwa mchanga. Hakuchimbiwa kaburi wala hakuwekewa matanga. Heshima ya kutolitamka jina lake ndiyo pekee aliyokuwa bado anaweza kumpa, na ameitunza tangu Uvira mpaka Ulaya. Watu hawa wanamdai hiyo nayo.

Alitaka kukaa kimya. Akaikumbuka ndege.

"Semakuba," akasema. "Kwa Semakuba."

Uso ulimwaka aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Akajifunika mdomo kwa kiganja, lakini lilikuwa limeshatoka.

Birgitta alikuwa tayari anaandika kwenye kompyuta. "Semakoba?"

"Semakuba."

Akatafuta, akateremsha ramani, akaipandisha. "Haipo," akasema, na Mwatumu akatafsiri kwa sauti ya chini.

"Ilikuwako. Waliichoma."

"Mwaka jana ulitupa jina jingine. Kwa nini tuamini hili?"

"Nimewaelezea sasa hivi."

"Yuasema ndiyo, lakini umeeleza leo. Mwaka jana hukueleza. Maelezo yakija yamechelewa hupungua uzito."

Pélagie akacheka, kicheko kikavu kisichokuwa na furaha yoyote. "Kama kwetu hakuko, mtanirudisha wapi?"

"Kongo ni nchi kubwa. Kuna Kinshasa."

Kinshasa hajapata kukanyaga. Kilingala chenyewe anakisikia kanisani tu, watu wakiimba.

"Mama, yuataka ulitaje tena," Mwatumu akasema bila kumtazama. "Polepole, kipande kipande, lisikike vizuri kwenye kinasa sauti."

"Se," akasema Pélagie. Birgitta akapiga herufi, akangoja. "Ma." Akangoja tena. "Kuba."

Safari hii halikumchoma. Lilipita mdomoni kama jina la mtu yeyote, na hapo ndipo alipoanza kulia. Birgitta akamsogezea karatasi laini za kufutia machozi, akampa muda. Kisha akauliza kama kuna jibu jingine la mwaka jana ambalo angependa kulibadilisha.