Kikombe cha Kupimia

Ilikuwa Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi. Mvua ya rasharasha ilinyesha na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa ya Matembwe. Katika duka la dawa la kijiji, Letisia, mtoa dawa, aliinua kikombe cha plastiki ili akioshe, akasita. Alikinusa. Akakinusa tena.

Kilikuwa kikombe chenye mistari ya mililita, cha kupimia maji ya kukorogea dawa za unga za watoto. Muda mfupi uliopita alikuwa amekitumia kutengeneza antibiotiki ya Benno, mtoto wa Avelina aliyeugua kifua. Gari la Makambako lilikuwa likipiga honi nje, na Avelina aliondoka mbiombio na chupa yake kwenda kwa dada yake. "Mpe kijiko akishakula," Letisia alimwagiza.

Sasa kikombe kilitoa ile harufu kali inayobaki kwenye nguo za mtu aliyetoka kunyunyizia viazi.

"Baba mdogo, nani alichukua kikombe hiki?"

Mzee Hosea, mwenye duka, alikuwa mlangoni akikung'uta koti. "Mimi. Nilipimia dawa ya wadudu jana. Mbona nilikisuuza na kukirudisha?"

"Kwa sabuni?"

"Kwa maji. Kwani ni sufuria ya nyama?"

Kila msimu wa viazi watu walikuja kuazima kikombe kile, kwa kuwa vifuniko vya dawa zao za wadudu havikuwa na vipimo. Letisia aliwakatalia wote. Hakufikiria kumkatalia mwenye duka. Na asubuhi hii Letisia alipokikuta kimefunikwa juu ya kitambaa, aliamini amekiosha yeye mwenyewe, akakitumia bila kukiosha upya kama alivyofundishwa chuoni.

Letisia alichukua simu. Hakuwa na namba ya Avelina, lakini alikuwa na ya Tarsis, kondakta wa gari lile. Alipiga. Haikupatikana. Alipiga tena, na tena, huku akiliona gari akilini likipinda kwenye misitu ya miti ya mbao, mtoto akikohoa, mama akifungua mkoba.

"Huenda hakuna kitu," Hosea alisema. "Ni tone tu. Ukipiga kelele, wakaguzi watatufungia duka. Mwambie umempa chupa ya mtu mwingine, airudishe."

"Na kama mtoto ameshakunywa? Daktari atatibu nini, baba mdogo? Chupa ya mtu mwingine?"

Letisia aliwaondoa wateja, akafunga mlango, akaendelea kupiga. Mchana ulikuwa umeingia simu ilipoita.

"Kamwene, daktari wetu!" Tarsis alimsalimia. "Nikuletee maandazi ya Makambako?"

"Tarsis, yule mama mwenye mtoto yuko wapi?"

"Avelina? Yuko kwa mama ntilie hapa stendi, anamlisha mtoto."

"Kimbia kaka! Asimpe dawa! Kimbia!"

Alisikia viatu vikipiga lami, honi, na mwanamke akifoka kwamba machungwa yake yamekanyagwa. Kisha sauti ya Avelina.

"Nimeshampa, dada. Nusu ameitema. Kuna nini?"

Hosea alitikisa kichwa mbele ya Letisia, polepole, kama anayembembeleza. Letisia aligeukia ukuta.

"Kikombe nilichopimia maji kilikuwa na sumu ya wadudu. Kosa ni letu. Mwahishe hospitali sasa hivi. Usimtapishe. Beba na chupa."

"Sumu? Umempa mwanangu sumu, Letisia?"

"Ndiyo. Mwahishe!"

Simu ilikatika. Letisia alimgeukia baba yake mdogo. "Watauliza ni sumu gani."

"Ile ya kopo jeupe. Jina silijui."

"Kopo liko wapi?"

"Shambani."

"Lilete."

Mzee alitoka mbio kwenye mvua, viatu vyake vya mpira vikibwata. Letisia alibaki amesimama na simu mkononi. Alijaribu kuomba, lakini kila neno lilirudi kwenye uso wa Benno. Hosea aliporejea na kopo lenye matope, simu iliita. Alikuwa Tarsis, akiwa hospitali pamoja na muuguzi.

Letisia alisoma jina la sumu herufi kwa herufi. Hosea alimshikia kopo.

"Vizuri umelitaja," muuguzi alisema. "Mate yanamtoka na mboni zimesinyaa. Tunaanza kumtibu. Siwezi kukuahidi kitu."

Kabla ya giza muuguzi alipiga tena. Benno alikuwa anapumua vizuri na ameanza kulia kwa nguvu.

Avelina alilala hospitali na mwanawe, na hakupokea simu ya Letisia. Tarsis alikabidhi chupa kwa daktari, akamlipa mwenye machungwa. Mzee Hosea alikwenda kwa mtendaji wa kijiji akaeleza alichofanya, bila kupunguza. Letisia alifunga kikombe na kopo katika mfuko, akampigia mfamasia wa wilaya aje kulifunga duka kwa kufuli lake, akakaa kwenye ngazi ya duka kumsubiri.