Nyota ya Tatu kwenye Mtutu

Asubuhi ya sherehe walimpa Jenerali Gordei Lukich kopo la rangi nyekundu na brashi. Ndiyo desturi ya watu wa mizinga: nyota za ndege zilizotunguliwa hupakwa na kamanda kwa mkono wake. Mzinga wake wa zamani ulikuwa umepandishwa juu ya jukwaa la saruji katika mji ule mdogo wa kando ya mto Don, ukingoja kuzinduliwa saa nne. Nyota tisa za mtutuni zilikuwa zimefifia. Mzee alipaka ya kwanza, akapaka ya pili, kisha mkono ukagoma.

"Endelea, Gordei Lukich," sauti ya mwanamke ikamfuata juu ya ngazi. "Au rangi imekuishia?"

Hakuhitaji kugeuka. Kapitolina Yegorovna ndiye aliyekuwa mshika darubini wake mwaka wa arobaini na mbili, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akipwaya ndani ya buti. Sasa alikuwa bibi mzima, mnene, medali nne zimejipanga kwenye koti lake, na ulimi wake haukuzeeka hata kidogo.

"Umekuja, Kapa," alisema jenerali.

"Nimekuja nikuone ukiipaka hiyo ya tatu. Nilitaka kujua kama uso unao."

Uso hakuwa nao, na alilijua hilo miaka thelathini na mitatu. Siku ile ya vita alikuwa luteni wa miaka ishirini na sita. Kikosi cha jirani kilikuwa na nyota saba, chake mbili, na wapishi wa jirani walimpigia kelele kila walipoleta supu: "Luteni, bado mnawinda kunguru?" Basi ndege moja ikatokea magharibi, chini chini, imechelewa, inafuka moshi, nje ya njia waliyoambiwa. Kapa akapiga ukelele, "Wetu! Ni wetu, usipige!" Naye luteni akapiga. Ndege ikaangukia kinamasini ng'ambo ya mto, makao makuu yakaona moshi na kuandika kwamba ni adui. Kesho yake alivuka peke yake kwa kamba na ubao, akaliona bawa linazama taratibu, na juu ya bawa nyota nyekundu, alama ya ndege zao wenyewe. Alirudi, akapokea nishani, akachovya brashi.

Nishani ikamletea ukapteni, ukapteni ukamletea chuo, kisha rejimenti, divisheni, mwishowe makombora ya kulinda anga ya mkoa mzima. Na huko kote, bila aibu, aliwafundisha maofisa vijana kwa kidole juu: tambua kwanza, ndipo ufyatue. Walimpigia makofi. Mtu mzima alipaswa kuomba ardhi immeze.

"Wachimba mboji wamekausha kile kinamasi," Kapa alisema. "Ile ndege wameipata, na rubani ndani yake. Veniamin Ozhegov. Makaratasi yako njiani, unajua mwendo wa makaratasi yetu. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuogopa. Wewe ulimwogopa nani?"

Jenerali aliipaka ya tatu haraka haraka kama mtu anayefunika sufuria iliyoungua, kisha akamaliza zote tisa.

Saa nne alivuta kitambaa, bendi ikapiga, akasimama mbele ya kipaza sauti. Alikusudia kusema, kweli alikusudia. Lakini karatasi ya hotuba ilikuwa mkononi, na maneno yaliyoandikwa ni mepesi kuliko yasiyoandikwa. Aliisoma yote mpaka nukta ya mwisho. Aliposhuka, Kapa alimtazama mara moja tu, akageuza kichwa.

Ndipo akaja mwanamke mwenye kibao shingoni. Kila sikukuu ya Ushindi wapo wengi, wanapita kati ya wakongwe wa vita wakiuliza. Kwenye kibao kulikuwa na picha ya kijana mwenye masikio makubwa, na chini yake: *Rubani Ozhegov. Nani alimwona?*

"Ndugu jenerali, samahani," alisema. "Mimi ni dada yake, Serafima Nilovna. Alipotea bila habari. Pengine wewe, kwa kuwa mlikuwa huku…"

Jenerali alimtazama yule kijana wa pichani.

"Nilimtungua mimi," alisema. "Mzinga huu hapa. Niliambiwa ni wetu," akamwonyesha Kapa kwa kidevu, "nami nikapiga."

Alingoja kofi au mate. Serafima alibaki akipepesa macho.

"Alikuwa anaelekea wapi?"

"Mashariki. Alikuwa anarudi."

"Anarudi!" Alimshika Kapa mkono. "Umesikia, mama? Alikuwa anarudi! Hakukimbilia kwa Wajerumani!" Alicheka, machozi yakimtiririka. "Mama yangu alikufa akiwakwepa majirani. Walimwita mama wa msaliti, pale kisimani, mbele ya watu. Na Venya wetu alikuwa anakuja nyumbani!"

Furaha ile ilimchoma jenerali kuliko kofi. Alidhani amemficha mwanamke huyu msiba, kumbe alimficha neno moja ambalo angeweza kuliandika kwenye kadi ya posta.

"Ulijua lini?" aliuliza Serafima, kicheko kikipungua.

"Kesho yake."

"Mwaka wa arobaini na sita niliandika kwa vikosi vyote vya huku. Rejimenti moja tu ndiyo ilijibu. 'Hatuna taarifa zozote.' Chini kuna saini isiyosomeka."

Angeweza kunyamaza. Hapakuwa na mtu wa kumuumbua.

"Ni yangu."

Serafima akakivua kibao shingoni, akamvisha jenerali juu ya medali zake zote, akaikaza kamba.

"Panda tena kule," alisema. "Kisome kwa sauti. Halafu ujibu."

Bendi ilikuwa inakusanya vyombo. Watu walipomwona mzee anarudi kwenye kipaza sauti walidhani ana neno la nyongeza, wakampigia makofi tena. Akayangoja yaishe. Akasoma jina, akasoma swali.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemwona."