Mfuniko wa Sufuria ya Mpungate

Hatua thelathini na mbili. Macrina alikwisha kuzihesabu mara nyingi, kutoka mlango wa jiko la mama mkwe wake hadi mlango wa nyumba yake mwenyewe, ng'ambo ya ua. Nyumba ilikamilika tangu Februari: vyumba viwili vya matofali, paa la zege, jiko la gesi bado limo kwenye boksi lake. Kilichobaki ni ruhusa ya kuhamia tu, na ruhusa hiyo ilikuwa ndani ya sahani ya mchuzi.

Ndivyo ilivyokuwa katika ukoo wa Bi Crescencia. Mke wa mtoto wao hawashi moto wake mpaka ampikie mama mkwe nguruwe kwa mpungate, ule mmea wa miiba wenye majani manene, naye mama mkwe aseme mwenyewe, "Niongeze." Sahani ya kwanza huliwa kwa adabu; ya pili ndiyo ruhusa. Bi Crescencia aliisubiri miaka minne kwa mama mkwe wake. Macrina alikuwa ameingia mwaka wa sita, na kila Jumapili mpungate wake ulitoka na utelezi kuliko bamia. Mtu aliyezaliwa Milpa Alta, ambako mpungate unaota mpaka juu ya kuta, ashindwe kupika mpungate! Hata majirani walishaanza kumwonea huruma, na huruma ya majirani inauma kuliko matusi yao.

"Mwanangu," Bi Crescencia alizoea kusema, akiisukuma sahani kando, "kwenu walikufundisha kupika, au kutengeneza gundi?"

Evodio, mumewe, hakuwahi kumcheka. Yeye alikuwa akimnong'oneza tu nyuma ya pazia lililotenganisha kitanda chao na cha mama yake: "Mimi niko tayari hata kesho. Ni mama tu. Vumilia, mke wangu." Miaka sita ya kunong'ona! Macrina alifika mahali hata kukohoa alikohoa kwa kuomba radhi. Alichoka, na hakuwa na mlango wa kufunga ili achoke peke yake.

Kosa lake hakulijua. Miiba aliiparua kwa kisu mpaka jani likawa laini, akalikata vipande vyembamba, akavichemsha na kitunguu, chumvi na maganda ya nyanya za kijani. Zaidi ya yote, mfuniko aliuacha msumarini, maana hilo kila mtoto wa Milpa Alta analijua: mpungate haufunikwi. Ukiufunika, ute wake unakosa pa kutokea na unabaki humo humo.

Kisha Jumapili iliyopita, aliporudi kutoka mashineni na ndoo ya unga wa mahindi uliosagwa mbichi, aliuona mfuniko pale msumarini ukidondosha maji. Kumbe! Kumbe bibi huyu anamfanyia kusudi!

Safari hii alijipanga. Unga aliusagisha Jumamosi akauficha. Jumapili asubuhi mbavu za nguruwe zilikuwa zimelainika, nyanya na pilipili zimeshapondwa kwenye jiwe, mpungate unachemka wazi. Akabeba ndoo tupu.

"Mama, naenda mashineni!"

"Nenda, lakini usiote mizizi huko," Bi Crescencia alijibu kutoka bandani, alikokuwa akiwalisha batamzinga. "Ukikutana na Tomasa, mdomo wako haufungiki."

Macrina alitoka langoni, akazunguka nyuma, akachuchumaa uani nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Kutoka pale jiko lote lilionekana. Maneno ya kumwambia bibi alikuwa nayo tayari, makali, yamehifadhiwa miaka sita.

Aliyeingia jikoni alikuwa Evodio.

Alikuwa pekupeku, nywele zimelowa maji. Alidokoa ubavu mmoja, akalamba vidole. Halafu akautoa mfuniko msumarini, akaifunika sufuria taratibu kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Akakaa kwenye kigoda akisubiri. Povu lilipofurika alilifuta kwa kitambaa, bila haraka, kama kazi aliyoizoea. Mwishowe akaurudisha mfuniko mahali pake na kutoka akipiga mluzi.

Maneno yote aliyoyaandaa Macrina yalikuwa ya mama, hata moja halikuwa la mwana. Akakumbuka mashati yanayopigwa pasi na mama, mayai yanayokaangwa na mama, soksi zinazotafutwa na mama. Ng'ambo ya ua Evodio angekuwa mume wa mtu. Upande huu alikuwa bado mtoto. Macrina angeweza kuuosha ule mpungate mara tatu akauokoa. Hakuuosha. Aliuchanganya na nyama vile vile, akapakua.

Mezani, Bi Crescencia aliweka ufunguo wa nyumba mpya kando ya chumvi.

"Leo nataka kuwafukuza," alisema akicheka. "Nimechoka kusikia watu wananong'ona kama panya darini. Hebu tuone."

Akaonja. Kicheko kikamtoka usoni.

"Ah, mwanangu! Na leo nilikuwa nimeshasema 'Niongeze' moyoni." Akageuza kijiko. "Huu ulifunikwa. Nani alikufundisha kufunika mpungate?"

"Nimejifunza humu humu, mama." Macrina aliutoa mfuniko msumarini, ukiwa bado umelowa, akauweka mbele ya mumewe. "Nilikuwa nyuma ya mashuka. Nimemwona kwa macho yangu. Muulize mwanao."

Masikio yalimwiva Evodio, macho akayazika sahanini.

"Ni kweli, Evodio?"

"Mama, mimi... si hatua chache tu? Haraka ya nini?"

Bi Crescencia alimgeukia mwanawe. Macrina alingoja hasira. Alikwisha kuisikia hasira ile ikiwakimbiza wauza gesi mpaka barabarani, na leo kwa mara ya kwanza aliitamani. Lakini uso wa mama mkwe ulianza kulainika, kuanzia machoni mpaka mdomoni, na hapo ndipo Macrina alipoogopa kweli.

"Kumbe hutaki kuniacha," Bi Crescencia alisema polepole. "Mjinga wewe. Miaka yote hii?"

Mkono wake ukaenda mezani, ukauchukua ufunguo, ukautia kwenye mfuko wa aproni. Akachagua chapati ya mahindi iliyo moto kuliko zote, akaiweka mbele ya Evodio.

"Macrina," akasema, kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha, "mwongeze mwanangu."

Macrina aliichukua sahani, akaenda jikoni. Kwenye dirisha juu ya sufuria nyumba yake ilionekana yote, na mlango wake mpya. Akachota. Ute ukaning'inia kutoka kwenye upawa hadi sufuriani, akauinua upawa juu zaidi, na bado ute ukakataa kukatika.