Moja, Tatu, Nne, Mbili

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Fundi cherehani yeyote aliyewahi kuambiwa "ongeza kidogo hapa, hapana, punguza" na mteja yuleyule anajua ninachosema. Kwa hiyo kaka yangu aliposimama uani, akalipiga teke gurudumu la gari la baba na kutangaza kwamba Jumamosi lori la vyuma chakavu linakuja kulichukua, nilimpa vidonge vyake hapohapo.

"Lakini haliwaki," akasema. "Linakula uwanja bure."

"Litawaka! Tena nitaliwasha mimi."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Haya. Likiwaka kabla halijachukuliwa, libaki. Lisipowaka, nisisikie neno."

"Nimekubali!"

Jamani, raha niliyoisikia! Maana kwa miezi kadhaa nilikuwa najifunza ufundi wa magari kwa kujifurahisha tu. Ilianza siku fundi wa gereji ya jirani, tunayemwita Bisibisi, alipoleta ovaroli lake nilipunguze miguu. Nikamuuliza gari linawakaje. Akanieleza, nikauliza tena, akaeleza, nikauliza zaidi. Mwishowe akasema, "Dada, njoo Jumapili uone mwenyewe, utanimaliza kwa maswali." Nikaenda na wifi yangu, mke wa huyohuyo kaka, msusi mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Siku hiyo tulibadilisha oili. Tulirudi nyumbani weusi mpaka masikioni, tunacheka kama wehu, na tangu hapo tukanogewa. Wenzetu Jumapili wanalala, sisi tuko chini ya gari.

Lakini hili la baba halikuwa la kujifurahisha tena. Tangu daktari alipomwambia kwamba macho yake hayafai kuendesha, baba hakutoka nje ya geti. Anakaa dirishani. Ukimuuliza habari za gari, anasema, "Lipelekeni tu," kisha kesho yake asubuhi anauliza kama vioo vimefungwa, isije mvua ikaingia. Gari hilo ndilo lililotupeleka shule, hospitali, kila mahali. Mlango wake wa abiria una ubovu wa siku zote: haufunguki kwa nje. Ukitaka kupanda unasimama tu, naye baba anajinyoosha kutoka kwenye usukani, anakufungulia kwa ndani, anasema, "Karibu, bosi." Utotoni nilidhani magari yote yako hivyo. Sasa niliogopa kwamba gari likiondoka, baba atabaki pale dirishani moja kwa moja.

Tukaingia kazini, mimi na wifi. Petroli ya zamani tukaimwaga, tukatia mpya. Betri tukaipeleka kuchajiwa. Ijumaa zikawa zimebaki plagi tu. Bisibisi alikuwa amesafiri, ila alishanifundisha Jumapili moja wifi akiwa hayupo: plagi ni nne, kila moja na waya wake, na nyaya zote zinatoka kwenye kofia moja inayogawa moto. Na moto haugawiwi kwa foleni. Unaanza plagi ya kwanza, unakwenda ya tatu, ya nne, halafu ndiyo unarudi ya pili. Moja, tatu, nne, mbili. Niliuimba wimbo huo kwenye cherehani mpaka wateja wakaniuliza kama niko sawa.

Plagi mpya nilizikaza kwa mkono wangu. Kabla sijarudisha nyaya, mteja akaja kujaribu gauni.

"Wifi, malizia hapo," nikasema, nikakimbilia ndani.

Niliporudi nilikuta nyaya zimefutwa zinang'aa, zimelala sambamba, zimebanwa na mipira ya nywele. Zilipendeza kweli. Nikampigia makofi.

"Mkono wa msusi huo," akajibu, akitikisa mabega.

Jumamosi asubuhi nikakaa kwenye usukani. Nikazungusha ufunguo. Stata ikalia, injini ikakohoa, halafu, paa! Mlio ukatoka kwenye ekzosi, kaka akaruka na kikombe chake cha chai mkononi. Nikajaribu tena. Paa! Paa! Moshi uani kote. Na papo hapo, nje ya geti, lori likapiga honi.

Mwenye lori akaingia anaburuta mnyororo.

"Ndilo hili?"

"Ndilo," kaka akasema. Kisha akaniinamia dirishani. "Dada, basi. Umejitahidi."

Ile huruma yake iliniuma kuliko kile kicheko. Nikaangalia dirisha la baba. Alikuwa ameshashusha pazia.

Wifi naye machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Na nilivyozipanga nyaya zile, jamani! Zilikaa ovyo, hii imepanda juu ya ile. Nikazichambua zote zikanyooka."

Nikashuka garini. "Umezifanyaje?"

"Nimezinyoosha! Ya kwanza kwa ya kwanza, inayofuata kwa ya pili, mpaka mwisho. Mstari mmoja safi."

"Wifi!" Nilipiga kelele mpaka mwenye lori akaangusha mnyororo. "Zinatakiwa zipishane! Umeusuka moto!"

Angekuwa mtu mwingine angenitambua. Lakini mimi si ndiye niliyempigia makofi? Tukatazamana, tukaangua kicheko, tukakimbilia boneti.

"Mimi nina safari, dada zangu," mwenye lori akalalamika, huku ameshatushikia boneti kwa mikono miwili isitudondokee. Nikang'oa mipira ya nywele. Wifi ananipa waya, mimi nachomeka, tunaimba pamoja: moja, tatu, nne, mbili! Nyaya zikapishana, hii juu ya ile, hazitamaniki. Wifi akageuza uso asizione.

Boneti ikashushwa. Nikarudi kwenye usukani, nikapiga moyo konde, nikazungusha ufunguo.

Likawaka! Jamani, likawaka! Lilitetemeka kidogo, likatulia, likaunguruma vizuri kabisa. Wifi akapiga vigelegele. Mwenye lori akapiga makofi kana kwamba hakuja kulibeba. Nikamgeukia kaka.

"Nisisikie neno!" nikamwambia.

Ndipo mlango wa nyumba ulipofunguka. Baba akatoka na ndala zake, anapapasa ukuta. Mkono wake ukafika kwenye boneti, ukapita juu yake taratibu, ukateremka mpaka kwenye mlango wa dereva kwa mazoea. Akanikuta mimi. Akasimama pale, na mimi nikasubiri. Kisha akazunguka mbele ya gari mpaka upande wa pili. Hakugusa kitasa. Alisimama tu.

Nikajinyoosha juu ya kiti, nikamfungulia kwa ndani.

"Karibu, bosi," nikasema.

Akaketi, akavuta mlango, akaitegea sikio injini. "Plagi nani kafunga?"

"Mimi, baba. Nyaya ni mimi na wifi."

Akatikisa kichwa, anatabasamu. "Haya, dereva. Tunakwenda wapi?"

"Popote unapotaka. Ila, baba, somo la breki bado hatujalifikia."

Akacheka kicheko chake kile cha zamani, akaupapasa mkanda mpaka akaupata, akajifunga. "Basi twende polepole."

Kaka akaenda kufungua geti, na mwenye lori akasogeza lori lake atupishe.